Kaa Barazani: Mwongozo wa Kufuatilia Kiota cha Kigogota Msimu Mzima

Kiota cha kwanza cha kigogota nilichojaribu kukifuatilia nilikiharibu mwenyewe. Kilikuwa ndani ya tawi kavu la mwembe, nyuma ya nyumba niliyokuwa nimepanga Morogoro. Nilipomwona dume ameingia na hatoki, nikaleta ngazi, nikawasha tochi ya simu, nikaweka jicho tunduni. Sikuona kitu, kwa sababu tundu la kigogota huingia kidogo kisha hupinda kwenda chini, na chumba chenyewe kiko chini ya kizingiti. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne ndege hawakuonekana tena. Majani niliyoyakanyaga yalikuwa yameshafanya kinjia kilichonyooka hadi kwenye shina, na paka yeyote wa mtaani angeweza kukifuata.

Msimu uliofuata nilifundishwa na jirani. Ni mama mtu mzima aliyekuwa akipika vitumbua asubuhi barazani kwake, hatua kama ishirini na tano kutoka mwembe uleule. Nilimwamkia, nikamuuliza kama amewaona tena wale ndege wa kugonga. Akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye kikaango: “Marahaba, mwanangu. Wamo. Yule wa kofia nyekundu ndiye anayelala ndani. Mkewe huondoka magharibi, akarudi asubuhi kumpokea.”

Hakuwa na darubini wala kitabu cha ndege. Alikuwa na baraza, na kila siku alikaa palepale akitazama upande uleule. Jambo alilolisema ni kweli kwa vigogota karibu wote: usiku dume ndiye anayelalia mayai.

Mwongozo huu wote umesimama juu ya somo hilo. Kiota cha kigogota ni chumba cha giza, lakini kila kinachotokea ndani hupita mlangoni. Anayekaa barazani anajua nani kaingia, nani katoka, na kabeba nini. Hana haja ya kuingia chumbani.

1. Mjue mwenye nyumba

Afrika Mashariki ina aina nyingi za vigogota, na baadhi yao wana makazi yao maalumu. Kwenye misitu ya pwani, kama Arabuko-Sokoke, yuko kigogota wa Mombasa, Campethera mombassica. Kwenye miombo ya kusini mwa Tanzania yuko Dendropicos stierlingi, ambaye nje ya hapo hupatikana Msumbiji na Malawi. Magharibi mwa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi utamkuta mwenye kichwa cha kijivu, Dendropicos goertae. Nyika kavu zina Campethera nubica mwenye madoa kifuani. Dume na jike wake huitikiana kwa sauti kali inayosikika kutoka mbali.

Kama ndiyo unaanza, anza na mdogo wao mwenye michirizi kifuani, Dendropicos fuscescens. Ana urefu wa sentimita 15 hivi. Anakaa bustanini, mashambani, kwenye migunga na kando ya mito, na hasumbuliwi sana na watu wanaopita na shughuli zao. Dume ana paji la kahawia na utosi mwekundu. Jike ana paji lilelile la kahawia, lakini utosi wake ni mweusi.

Tofauti hiyo ya utosi ndiyo mtaji wako. Ndege wengi wadogo huwezi kujua nani ni baba na nani ni mama, kwa hiyo daftari lako litasema tu “mzazi kaingia.” Kwa kigogota unaweza kuandika D kwa dume na J kwa jike, na baada ya wiki mbili ukajua nani anafanya zamu gani. Jizoeze kutazama utosi kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu ndege huyu hutua, hugeuka na kupotelea tunduni ndani ya sekunde mbili.

Kuna mtego mmoja hapa. Makinda wa aina hii, wa kiume na wa kike, huota wekundu utosini. Ukiona kofia nyekundu inachungulia tunduni wiki za mwisho, usikimbilie kuandika D. Huenda ni mtoto.

2. Tafuta tundu lenye watu

Hapa kwetu hakuna mwezi mmoja ambao ndege wote huzaliana. Mvua ndiyo inayopanga, na mvua za Lindi si za Kisumu. Anza kusikiliza wiki chache kabla ya mvua za kwenu, uendelee hadi zitakapoisha.

Masikio yatakufikisha kabla ya macho, lakini ujue unasikiliza nini. Kigogota hugonga kwa namna tatu. Akitafuta chakula, hugonga kidogo kidogo, anasogea, anagonga tena, na sauti inahama tawi hadi tawi. Akipiga ngoma ya kutangaza eneo lake au kumwita mwenzake, mapigo huja mfululizo kwa kasi, mithili ya kijiti kinachoburuzwa kwenye meno ya kitana, kisha kimya. Akichimba nyumba, mapigo huwa ya taratibu, mazito kidogo, mahali palepale, siku baada ya siku. Sauti hiyo ya tatu ndiyo unayoitaka.

Ukiifikia, tazama chini kwanza. Fundi seremala huacha maranda, na kigogota naye huacha yake: vipande vidogo vya mti, vyeupe au vya manjano, vimetawanyika juu ya majani chini ya tawi. Maranda mapya hung’aa. Yaliyonyeshewa hugeuka kijivu na kushikamana na udongo. Kisha inua macho. Vigogota wetu wadogo hupenda mti uliokufa au tawi lililooza ndani, kwa sababu mdomo wao si wa kupasua mti mbichi mgumu. Mara nyingi tundu huwa upande wa chini wa tawi lililoinama, mahali ambapo mvua haiingii. La aina ninayokupendekezea ni duara safi ambalo ndimu ndogo ingepita kwa shida.

Tundu si lazima liwe kiota. Kigogota huchimba pia chumba cha kulala tu. Kwa hiyo fanya majaribio mawili. La kwanza ni utando: tundu lenye utando wa buibui mlangoni, au kingo zilizooza na kuwa nyeusi, halina mtu. La pili ni zamu: ukimwona ndege akiingia mchana, akakaa, kisha mwenzake akaja na huyo wa ndani akatoka kumpisha, umeshapata kiota. Anayeingia jioni peke yake na kutoka asubuhi peke yake ana chumba cha kulala.

3. Chagua baraza lako

Usianze na ndege. Anza na watu. Mtu aliyekaa chini ya mti saa nzima akielekeza darubini upande wa nyumba za wenzake atatiliwa shaka, na ni haki yao. Bisha hodi kwa mwenye shamba. Mweleze mwenyekiti wa mtaa au mzee wa kijiji unachofanya. Waonyeshe ndege kwa darubini yako. Ukishafanya hivyo mara moja, utakuwa umepata walinzi wa kiota bila malipo. Ikiwa mti uko ndani ya msitu wa hifadhi au hifadhi ya taifa, omba ruhusa kwa mamlaka husika kabla ya kukaa. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na Kenya ina yake ya mwaka 2013. Kiota, mayai na makinda wa ndege wa porini si mali ya aliyeviona wa kwanza.

Halafu tafuta mahali pa kukaa:

• Anza umbali wa mita 25. Darubini ya kukuza mara 8 inatosha kabisa kuona utosi kutoka hapo.

• Weka jua mgongoni asubuhi. Ukilikabili, kila ndege atakuwa kivuli cheusi na hutajua D wala J.

• Kaa ubavuni mwa tundu, si mbele yake. Mbele ndiko wazazi wanakopitia wakija.

• Egemea shina au kichaka, ili umbo lako lisisimame peke yake uwanjani. Nguo za rangi ya udongo au majani makavu zinafaa.

• Kaa palepale kila mara. Ndege huzoea kitu kisichohama.

Ukishakaa, hesabu dakika 15. Zikipita na wazazi wanaingia na kutoka bila kusita, baraza lako ni halali. Lakini mzazi akija na chakula mdomoni, akang’ang’ania shina bila kuingia, akalia mlio wa hofu tena na tena, maana yake umekaribia mno. Inuka polepole, rudi nyuma hatua kumi, ujaribu tena. Ikibidi, acha kabisa siku hiyo.

Kuna mambo ambayo hayana mjadala. Usiingize tochi, kidole wala kijiti tunduni. Usigonge shina ili ndege atoke. Aliyekuwa akilalia ataacha mayai yapoe, na kila adui aliye karibu atakuwa ameonyeshwa mlango. Usicheze sauti ya kigogota kwenye simu karibu na kiota. Usikate jani hata moja ili upate picha nzuri, kwa sababu jani hilo ni pazia la mtu. Usiende wakati wa mvua, wala giza linapoingia. Ukitaka kuokota maranda au kutazama chini ya mti, pita kama mpita njia, usisimame, na urudi kwa njia nyingine.

Watafiti wenye vibali hutumia kamera ndogo zenye waya kuchungulia matundu. Wewe huhitaji hiyo. Kwa kazi ya msimu mmoja, mlango unatosha.

4. Kalenda ya kiota

Nenda mara mbili kwa wiki, saa moja kila mara, na jitahidi iwe saa ileile. Tangu kuanza kulalia hadi makinda kuruka ni siku 40 hivi kwa kigogota huyu mdogo, kwa hiyo utakuwa na ziara kama kumi na mbili. Si nyingi, lakini zinatosha kuandika historia ya nyumba nzima.

*Kuchimba.* Kazi hii huweza kuchukua wiki mbili au zaidi, kutegemea ugumu wa mti. Wote wawili huchimba, ingawa dume mara nyingi hufanya sehemu kubwa. Mwanzoni unaona ndege mzima nje. Baadaye unaona mkia tu. Mwisho haonekani kabisa, kisha kichwa kinatokea na kumwaga maranda. Andika lini ulimwona mara ya mwisho akimwaga. Hiyo ndiyo ishara kwamba chumba kinakaribia kukamilika.

*Kutaga.* Hapa mlango hunyamaza. Jike hutaga yai moja kwa siku, na kawaida huwa mawili au matatu. Hawatandiki majani wala manyoya. Mayai hukaa juu ya maranda yaliyobaki. Ni meupe tupu, kwa sababu yai la gizani halihitaji rangi ya kujificha. Wengi hudhani kiota kimeachwa na wanaondoka. Usiondoke. Endelea kuandika “hakuna aliyeonekana,” maana hiyo nayo ni habari.

*Kulalia.* Utaanza kuona zamu: mmoja anatoka, mwingine anaingia, kila mmoja anakaa ndani muda mrefu. Hawabebi chakula. Mayai ya vigogota huanguliwa mapema kuliko ya ndege wengi wa ukubwa wao. Kwa aina hii ni siku 10 hadi 13. Tafuta asubuhi moja uwahi kabla jua halijachomoza umwone anayetoka wa kwanza. Akiwa na kofia nyekundu, umethibitisha maneno ya mama wa vitumbua.

*Kuanguliwa.* Hutaona yai likipasuka, lakini utajua. Ziara za wazazi hugeuka ghafla kuwa fupi na nyingi. Baadhi ya vigogota hubeba chakula mdomoni, mabuu na wadudu wakionekana wazi. Wengine, hasa jamii ya Campethera wanaokula sisimizi, mchwa na mayai yao, hukileta kooni na kukitapika ndani, kwa hiyo mdomo mtupu usikudanganye. Tazama pia kinachotoka. Mzazi akichomoka na kifurushi cheupe mdomoni na kwenda kukitupa mbali, ni kinyesi cha makinda. Kuna watoto ndani.

*Kulea.* Watoto huzaliwa uchi na vipofu, na hubaki tunduni muda mrefu, karibu siku 27. Sasa masikio yanarudi kazini. Wiki ya kwanza husikii kitu kutoka mita 25. Baadaye hutoka mlio mwembamba usiokatika, kama nyuki ndani ya mzinga, unaopanda kila mzazi anapotua. Karibu na mwisho watoto hupanda hadi mlangoni, na wazazi huwalisha wakiwa nje bila kuingia. Siku unayoona hivyo kwa mara ya kwanza iwekee alama ya nyota.

*Kuruka.* Kuanzia siku ya 20 tangu kuanguliwa, ongeza umbali wa baraza lako mita 10 nyingine. Kinda aliyeshtuka sasa anaweza kujitupa nje kabla mabawa hayajakomaa, na hakuna wa kumrudisha. Wanaweza kutoka wote siku moja au kupishana. Baada ya hapo huendelea kulishwa na wazazi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo ukisikia mlio wa kuomba chakula kwenye mti wa jirani, ni haohao.

Kalenda hii inakuwezesha kuhesabu mbele na nyuma. Tuseme umeona chakula kikiingia mara ya kwanza tarehe 4 Aprili. Rudi nyuma siku 12: kulalia kulianza karibu na tarehe 23 Machi. Nenda mbele siku 27: watoto wataruka karibu na tarehe 1 Mei. Panga ziara zako kwa hesabu hiyo, si kwa siku ulizo na nafasi.

5. Daftari

Daftari la kurasa 48 na penseli vinatosha. Wino huyeyuka mvuani, penseli haiyeyuki. Kila ziara ipate ukurasa wake, na kila ukurasa uwe na tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya hewa, aliyeingia, aliyetoka, alichobeba, na sauti.

Kuhusu saa, kuna jambo ambalo limeshawapotosha wengi. Tukisema saa moja asubuhi, simu inasema 07:00. Ukiandika “saa 1:10” leo na “07:40” kesho, baada ya mwezi hutajua kipi ni kipi, na mtu wa mbali akisoma 1:10 atadhani ulikuwa mtini usiku wa manane. Chagua saa ya simu, ya tarakimu 24, na uishikilie toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Hivi ndivyo ukurasa mmoja unavyoweza kuonekana:

Ziara ya 7. 06:50 hadi 07:50. Mawingu, hakuna mvua.
06:58 J anatua, anaingia. D anatoka mara moja, anaelekea mkwajuni.
07:09 D anarudi, mdomoni kuna kitu cheupe kirefu. Anaingia. J anatoka.
07:11 D anatoka na kifurushi cheupe, anaruka mbali.
07:11 hadi 07:26 hakuna mtu. Sauti nyembamba ndani, siku ya kwanza kuisikia.
07:26 J, chakula. Ndani sekunde 20.
07:44 ? Sikuona utosi. Chakula.

Angalia alama ya kuuliza ya 07:44. Mistari ya namna hiyo ndiyo inayoheshimiwa zaidi katika daftari. Mfuatiliaji anayejaza D au J kwa kubahatisha anaharibu kazi ya ziara zote. Andika ulichokiona, na ulichokikosa kiandike kwamba umekikosa.

Kingine, tenganisha jicho na fikra. “Kuna sauti ndani” ni jicho na sikio. “Nadhani ni watatu” ni fikra. Iandike pembeni, kwenye mabano.

6. Wageni wasioalikwa

Si kila kiota hufika mwisho, na kazi yako si kukiokoa bali kujua kilichotokea.

Yuko nyoka wa mitini, ambaye hupanda shina lolote na kuingia tundu lolote linalomtosha. Yuko kipanga wa kijivu mwenye uso wa njano, Polyboroides typus. Miguu yake hupinda mbele na nyuma, kwa hiyo huning’inia juu ya tawi, akaingiza mguu tunduni na kuvuta kilichomo. Wako siafu, wanaopita usiku mmoja na kumaliza. Wako wapangaji wa nguvu: shomoro, kwezi, hata nyuki, wanaosubiri fundi amalize ndipo wamnyang’anye nyumba.

Anayestaajabisha kuliko wote ni mlembe. Jamii hii ya ndege, ambamo yumo yule anayewaongoza wawindaji Wahadzabe kwenye asali, hailei watoto wake yenyewe. Mlembe huvizia tundu la zuwakulu au kigogota, akataga yai lake humo na kwenda zake. Kinda wake huanguliwa akiwa na ndoana kali kwenye ncha ya mdomo, na kwa ndoana hiyo huwaua watoto wa mwenye nyumba gizani. Wazazi huendelea kumlisha muuaji hadi aruke. Ukiona ndege wa kijivu asiye na rangi ya kuvutia akizurura karibu na tundu wakati wa kutaga, na vigogota wanamfukuza kwa hasira, iandike saa hiyohiyo. Na ukija kuona mtoto mmoja tu akitoka, asiye na kofia nyekundu, utakuwa na ukurasa ambao wataalamu wataupenda.

Lakini hatari kubwa kuliko zote ni panga. Tawi kavu ni kuni za bure.

Kiota kikifa, usikimbilie kwenye ngazi. Kaa barazani ziara mbili zaidi, maana wakati mwingine mlango ulionyamaza una mama ndani. Ukithibitisha, andika tarehe ya mwisho uliyowaona, ulichokikuta chini ya mti, na sababu kama umeiona kwa macho. Kama hukuiona, andika “sababu haijulikani.” Kiota kilichoshindwa kina thamani sawa na kilichofaulu, kwa sababu tukiandika vinavyofaulu tu tutadhani vigogota hawana shida.

7. Baada ya msimu

Daftari likikaa sandukuni, umejifunza wewe peke yako. Nchini Uingereza, tangu mwaka 1939, watu wa kawaida wamekuwa wakiandika viota kwenye kadi na kuzituma mahali pamoja, na kadi hizo ndizo zilizoonyesha ndege gani wanapungua na gani wanawahi kutaga kuliko zamani. Nairobi kuna jumuiya ya historia ya viumbe iliyoanzishwa mwaka 1909, leo ikijulikana kama Nature Kenya, nayo ina kadi za viota za Afrika Mashariki. Uganda kuna Nature Uganda, na Tanzania kuna Nature Tanzania. Wapelekee nakala ya ukurasa wa mwisho: aina ya ndege, aina ya mti, kimo cha tundu, tarehe ya kuanza kulalia, tarehe ya kuanguliwa, tarehe ya kuruka, na idadi ya watoto uliowaona kwa macho. Mahali halisi pa mti mpe mtaalamu, usipatangaze hadharani.

Kisha rudi kwenye tundu lenyewe mara moja moja. Kigogota mara nyingi huchimba jipya msimu unaofuata na kuliacha la zamani, na wasiojua kuchimba huhamia: shomoro, popo, mijusi, nyuki. Fundi mmoja hujengea mtaa mzima.

Kwa hiyo mtu akija na panga kukata tawi kavu la mwembe wako, msimamishe kidogo. Kama limeinamia paa la nyumba, likatwe, lakini subirini watoto waruke. Kama haliinamii chochote, liacheni. Sikilizeni kwanza, mtazame chini kama kuna maranda mapya, kisha mvute kigoda mkae.